Ibada ya miaka 30 ya MV Bukoba: mama kalikataa somo la dhoruba, tusome nini?

katibu_kwaya_nyakato

Bwana asifiwe wadau. Naombeni mawazo yenu na mnivumilie maana uzi utakua mrefu kidogo.

Mwaka huu 21 Mei inaangukia Alhamisi na inatimia miaka 30 tangu meli ya MV Bukoba izame Ziwa Victoria. Mtaa wetu wa kanisa hapa Mwanza, sisi ni Walutheri, umeamua ufanye ibada maalumu, ikaundwa kamati ndogo ya watu watano na mimi nikaingizwa humo kwa sababu tu ni katibu wa kwaya na nina laptop. Tumekaa vikao viwili na vyote vimeishia kununiana. Vijana wa timu ya sifa wanataka waanze na mapambio ya kuchangamsha nusu saa nzima, wanasema watu wameshalia vya kutosha miaka 30, na yule kijana wetu wa kinanda ameshatafuta mpaka sauti za radi na mawimbi za kupiga wakati somo linasomwa, halafu kwenye projekta iwekwe ile picha ya meli imelala kifudifudi. Wazee nao wanataka nyimbo za mazishi mwanzo mwisho na mahubiri ya toba, basi.

Ila kilichonileta hapa hasa ni mama. Mama alimpoteza kaka yake kwenye ile meli. Mjomba alikua anatoka Bukoba kuja kwetu, na asubuhi ile mama alikua bandarini anamsubiri, ameenda na kijana wa mkokoteni kabisa kwa sababu mjomba hakuwahi kuja bila mikungu ya ndizi. Mi nlikua na miaka 6. Ninachokumbuka ni kwamba mkokoteni ulirudi nyumbani kabla ya mama.

Sasa juzi nikamwambia mama tumepanga kusoma Marko 4, Yesu anatuliza dhoruba, si unajua ndo somo linalosomwa kila mwaka. Alikua anachambua mchele. Akaacha, akaniambia "hiyo msinisomee tena. Kila mwaka Yesu anaamka, upepo unanyamaza, wote wanafika ng'ambo. Mjomba wako alifika wapi?" Akarudi kwenye mchele wake na mimi sikua na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Kwahiyo swali ni hili, tusome nini na tuimbe nini, na je majina ya marehemu tuyasome au itakua kuamsha vidonda? Mchungaji amesema kamati ilete mapendekezo, ye atahubiri tutakachochagua (sijui kama ni unyenyekevu au anakwepa lawama).

Mteule_wa_Ilemela

Pole sana kwa mama yako ndugu katibu. Ila mi nasimama na timu ya sifa, sitaficha. Sifa zinavunja minyororo, Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane na milango ikafunguka. Miaka 30 ni kizazi kizima, nusu ya hao wanakwaya wako hawakua wamezaliwa, utawaliza kwa kitu gani? Shetani anapenda sana Wakristo wakae kwenye huzuni. Piga pambio, watu wainue mikono, maisha yaendelee. Na Neno la Mungu hatulikatai kwa sababu ya hisia, Marko 4 ni Neno, mama aombewe tu apokee.

dada_wa_kashai

Mteule na wewe punguza kidogo, "mama aombewe apokee" unamwambia mtu aliyesimama bandarini akarudi peke yake?

Katibu mdogo wangu, mi niko Bukoba, baba yangu ni mmoja wa waliotoka hai siku ile. Naongea kama mtoto wa mtu aliyenusurika, kwahiyo nisikilize kwenye hili hata kama mengine utapuuza. Hiyo sauti ya mawimbi kwenye spika iondoeni. Na picha ya projekta iondoeni. Baba yangu ana zaidi ya miaka 70 sasa na mvua ikipiga bati usiku anaamka anakaa sebuleni mpaka ikatike, hasemi kitu, anakaa tu. Watu wengi wanajua meli ilipinduka, wasichokumbuka ni kwamba ilikaa inaelea imepinduka na ndani kulikua na watu hai wanagonga, halafu ilipotobolewa tundu ili watolewe, hewa iliyokua inaishikilia ikatoka na ikazama nao. Baba anaujua ule mgongo wa meli. Sasa wewe mletee kanisani, uwekwe kwenye ukuta futi kumi halafu umwambie tufumbe macho tuombe.

Mkitaka kuweka kitu mbele wekeni mshumaa, au msiweke kitu.

Kuhusu majina mi nasema yasomwe. Baba huwa anasema kibaya kuliko vyote ni watu kusema "wale wa meli".

mwinjilisti_mstaafu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimetumika uinjilisti huku kanda ya ziwa miaka mingi na sasa nimepumzika, nachunga mbuzi wanne. Niruhusuni niseme kidogo, na wajukuu zangu mtanisamehe nikiandika kama naandika barua.

Mama huyu hajakosea. Tena naona yeye kalisoma somo kuliko sisi wahubiri. Wanafunzi ndani ya chombo walimwamsha Bwana wakamwambia "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Sisi tukifika hapo tunakimbia haraka haraka tufike kwenye shwari kuu, wakati mama yenu amebaki kwenye lile swali miaka 30 na hakuna aliyekaa naye hapo. Mimi mwenyewe nimelihubiri somo hilo kwenye kumbukumbu, si mara moja, na nilikua naona akina mama wa nyuma wanainama nikidhani wanaguswa na Neno. Leo nikikumbuka naona haya.

Sasa angalieni kalenda maana watu wa kwaya mna tabia ya kuitazama kwa ajili ya sare tu. Mwaka 1996 Pasaka ilikua 7 Aprili, Kupaa ikawa 16 Mei na Pentekoste 26 Mei. Meli imezama Jumanne ya tarehe 21, katikati hapo. Mwaka huu Pasaka ilikua 5 Aprili, Kupaa 14 Mei, Pentekoste 24 Mei, na Alhamisi yenu imedondokea mle mle. Zile siku kumi Bwana ameshaondoka machoni pao na Roho hajashuka. Wanafunzi wanafanya nini siku hizo? Wamejifungia ghorofani wanaomba na kungoja, na kwenye nafasi ya Yuda kuna kiti kitupu. Hata Jumapili ya tarehe 17 inayotangulia ina jina lake la zamani la Kilatini, Exaudi, yaani Usikie, kutoka Zaburi ya 27, Ee Bwana usikie, kwa sauti yangu ninalia. Hizo si siku za kupiga vigelegele wala si siku za matanga. Ni siku za kungoja, na mtu anayengoja mnamjua, ni yule mama wa bandarini.

Kwahiyo nashauri hivi. Zaburi ya 42, ile ya kilindi chapigia kelele kilindi, mawimbi yako yote yamepita juu yangu, aisome mtu mzima mwenye sauti ya kawaida asiigize. Halafu Injili msome Yohana 21. Kumekucha, wanafunzi wako ziwani wamekesha bila kupata kitu, na Bwana hayuko ndani ya chombo wala hatembei juu ya maji, amesimama ufuoni, amewasha moto wa makaa, anangoja. Mpeleke mama hilo uone atasemaje.

Mahubiri yasizidi dakika kumi na mbili. Mwambieni mchungaji nimesema mimi.

Katekista_Kemondo

Tumsifu Yesu Kristo. Mwinjilisti umenena mzee wangu, sisi siku hizo tunakua kwenye novena (sala za siku tisa) ya Roho Mtakatifu kwahiyo unavyosema kungoja nakuelewa kabisa.

Ila ndugu zetu Walutheri niwachokoze kidogo kwa upendo. Sisi hapa Kemondo, ambapo meli ilipita kupakia usiku ule kabla ya kwenda huko kwenu, swali la "tufanye nini" halipo kabisa. Tunatoa misa ya kuwaombea marehemu, padri anataja nia, watu wanatoa majina kwenye karatasi wiki nzima kabla, basi. Nyie mnahangaika na pambio na projekta kwa sababu mmejinyima kitu cha kuwafanyia wafu. Mkishasema hamuwaombei, mnabaki kuwakumbuka tu, na kumbukumbu tupu lazima mtaanza kuipamba.

Mteule_wa_Ilemela

Haya sasa tumefika kwenye purgatori, toharani wanakotakaswa wafu 😂 Katekista hilo halipo kwenye Biblia, mtu akifa ni hukumu, Waebrania 9:27.

Katekista_Kemondo

Lipo Wamakabayo wa pili 12, kwenye Biblia yetu yenye vitabu vyote 🙂 ila sikuja kubishana, uzi wa mwenzetu huu.

mwinjilisti_mstaafu

Acheni hilo wanangu. Hata sisi kwenye ibada ya mazishi tunamkabidhi marehemu mikononi mwa Mungu, na kumkabidhi mtu huwezi bila kumtaja jina. Katekista hoja yake ya karatasi za majina ichukueni kama ilivyo.

Abuu_Kirumba

Habari zenu ndugu, mimi ni Muislamu na nimeingia humu kwa sababu ya jina la meli tu, mtaniwia radhi.

Mnaongelea kusoma majina. Mnayatoa wapi? Maana abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa, lakini daraja la tatu hakukua na orodha yoyote, ulikua unalipa unapanda. Meli ya kubeba abiria 430 na waliokufa ni zaidi ya 800, hao wengine waliojaa juu ya hesabu ndo hao. Baba yangu mdogo alikua daraja la tatu. Alikua na miaka 19 anakuja kutafuta kazi ya gereji kwa baba. Hakuna karatasi yoyote duniani inayosema alipanda ile meli, tunajua tu kwa sababu alipanda na hakushuka. Mwili hatukuupata, au tuliupata hatukuujua, maana wengi walizikwa pamoja pale Igoma na huwezi jua nani kalala wapi, Muislamu na Mkristo ubavu kwa ubavu. Marehemu bibi alikua akienda pale anasoma Fatiha makaburi yote, anasema Mwenyezi Mungu atampelekea anayehusika.

Kwahiyo mkisoma orodha iliyopo, mjue mnasoma wenye tiketi nzuri. Sijasema kwa ubaya.

dada_wa_kashai

Abuu nimesoma hii mara tatu. Miaka yote nasema majina yasomwe na hili sikuwahi kuliwaza. Poleni sana kwa baba mdogo.

Mteule_wa_Ilemela

Kaka Abuu pole. Kwa kweli hilo limenigusa, sina la kuongeza.

mzawa_wa_ukara

Nimekaa kimya nasoma ila hii ya daraja la tatu imenitoa pangoni.

Mi naomba kitu kimoja kwenye hiyo ibada, msiseme "ilikua mapenzi ya Mungu". Nawaomba sana. Mi kwetu ni kisiwa cha Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia kabisa kufika, watu wa nchi kavu wanakiona kwa macho, uwezo wake ni watu 101 na waliokufa ni 228. Unajua tuliambiwa nini kwenye mahubiri? Mungu ana makusudi yake. Miaka 22 katikati ya hizo ajali mbili, ziwa lile lile, kosa lile lile la kujaza, na makusudi yawe ya Mungu? Yesu mwenyewe alipoletewa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, akautaja na mnara wa Siloamu ulioua watu 18, hakusema lilikua kusudi, alisema mnadhani hao walikua wakosaji kuliko wengine? La. Halafu akawageukia walioleta habari akawaambia watubu wao.

Sasa kwenye sala ya toba, wazee wa katibu wana hoja hapo, ila watubu nini? Mi ningetaka itajwe wazi: sisi tunaopakia kupita kiasi, sisi tunaokula hela ya ukaguzi, na sisi abiria tunaomwambia karani "tubanane tu mkuu, karibu tu hapo". Mimi huyo wa mwisho ni mimi. Krismasi iliyopita nilipanda mtumbwi wa injini umejaa mpaka maji yanachungulia, bila boya hata moja, na nilikua naharakisha kwenda kwenye ibada.

Mteule_wa_Ilemela

Mzawa unachosema kweli lakini ukianza kuhubiri ukaguzi na boya si inakua mkutano wa usalama wa majini? Kanisa ni kanisa.

mzawa_wa_ukara

Amosi alihubiri mizani za dukani mkuu. Boya ni nini kwake.

katibu_kwaya_nyakato

Jamani nimerudi. Nimepotea siku nne, kulikua na msiba jirani halafu kikao cha tatu. Nawapa mrejesho.

Kwanza mama. Nilimsomea Yohana 21 jikoni, yote, polepole. Hakusema kitu mpaka nilipofika Bwana amesimama ufuoni, hapo akasema rudia. Nikarudia. Akasema "huyo sawa. Huyo alikua upande wetu wa maji." Nikamuuliza je kuhusu samaki, maana nilishaanza kuogopa kila kitu, pengine kuna watu hawataki kusikia habari za samaki wa ziwa hili kwenye siku kama ile. Akanishangaa, akasema samaki hawana shida, mimi kinachonisumbua ni mkokoteni, mpaka leo nikiuona mkokoteni mtupu naangalia pembeni.

dada_wa_kashai

Samaki kwa baba yangu wana shida, hajala sato toka 1996 😅 ila hilo ni letu, msibadilishe somo. Nimemsomea jana na yeye, kasema ni zuri mradi asilazimishwe kusimama mbele kutoa ushuhuda. Kila mwaka kuna mtu anamsimamisha.

katibu_kwaya_nyakato

Hatasimamishwa mtu dada, nimeandika kwenye muhtasari.

Kikao kilikua kirefu na kijana wa kinanda alikasirika kweli kuhusu zile sauti, ila nilimwonyesha ulichoandika kuhusu baba yako na mvua kwenye bati, akafunga laptop akasema basi. Tumekubaliana hivi: tunaanza asubuhi saa mbili badala ya jioni, kwa sababu habari zilifika asubuhi, watakaoshindwa ruhusa kazini watatusamehe. Hakuna kuchangamsha mwanzoni. Tunaingia kimya, Zaburi 42, sala ya toba (ya mzawa imeingia karibu neno kwa neno, mzee mmoja alipinga ile sehemu ya hela ya ukaguzi, tukapiga kura, imepita 3 kwa 2), Injili, mahubiri dakika 12. Nilimpa mchungaji ujumbe wa mwinjilisti akacheka akauliza "yule wa mbuzi?", kumbe mwinjilisti ndo alimfundisha kipaimara.

Halafu majina. Hapa Abuu ndo ametubadilisha kabisa. Tunaweka karatasi mlangoni kuanzia Jumapili ya tarehe 17, mtu yeyote wa dini yoyote anaandika jina la mtu wake, na siku yenyewe yatasomwa hayo ya kuandikwa na mikono ya watu, sio orodha iliyopo. Akimaliza, msomaji anasema "na wa daraja la tatu ambao hakuna aliyewaandika", halafu kimya dakika tatu nzima bila kinanda. Mzee mmoja akasema dakika tatu ni nyingi watu wataanza kukohoa. Mwenyekiti akamwambia wakohoe.

Timu ya sifa hatujawanyima, Mteule usinune, wamepewa Jumapili ya Pentekoste tarehe 24, nzima, wapige mpaka bati litoke. Siku tatu tu za kuvumilia.

Mteule_wa_Ilemela

Sijanuna bana 😂 hiyo nimeikubali. Nitakuja zote mbili.

Katekista_Kemondo

Karatasi za majina mlangoni, saa mbili asubuhi, kimya... mnakaribia, mnakaribia 🙂 Huku na sisi misa itakua siku hiyo hiyo asubuhi, tutakua pamoja.

Abuu_Kirumba

Mimi na baba tungependa kuja, na shangazi. Baba anauliza kama ni sawa aje na kofia yake na kama atatakiwa kuimba.

katibu_kwaya_nyakato

Aje na kofia, kuimba sio lazima, hata nusu ya kwaya yangu huwa hawaimbi. Mtakaa benchi la mbele kulia pamoja na mama. Ila jina la baba mdogo liandikeni kwa herufi kubwa na kalamu nyeusi, msomaji wetu miwani yake imevunjika mkono mmoja na amekataa kabisa kubadilishwa.